Rungu Juu ya Datsun

Mwanamvita alikuwa amesimama kizingitini mwa duka lake la magodoro na vitambaa, pale Rodi Kopany karibu na Homa Bay, jirani yake Cephas alipomvunjia gari. Aliona kwa macho yake mwenyewe. Hakusimuliwa na mtu.

Ilikuwa siku ya kuifukuza mauti. Mzee Zablon, baba yake Cephas, alikuwa azikwe kesho yake, na wanaume wa ukoo walikuwa wametoka na ng'ombe kama desturi ya Wajaluo inavyotaka: mafahali mbele, wazee kwa vijana nyuma yao, mikuki na marungu mikononi, nyuso zimepakwa majivu, wanaimba na kukimbia hadi porini ili mauti itoke bomani iende zake. Tero buru, ndivyo wanavyoiita. Siku hiyo mahindi ya watu hukanyagwa na hakuna anayefungua mdomo kudai chochote. Mwanamvita alikuwa mtu wa Kwale, lakini alikuwa ameishi Rodi miaka mingi ya kutosha kuyajua hayo. Alifunga nusu ya mlango, akajitanda mtandio vizuri, akasimama kwa heshima mpaka wapite.

Walikuwa wanarudi. Kundi zima likapita na vumbi lake, Cephas akabaki nyuma. Akasimama mbele ya gari, pikapu aina ya Datsun ya rangi ya samawati, lililokuwa limeegeshwa palepale pa siku zote, kando ya ua wa michongoma uliotenganisha nyumba hizo mbili. Akalitazama. Akageuka, akamtazama na Mwanamvita. Kisha akainua rungu.

Kioo cha mbele kilikwenda kwa pigo la kwanza. Akapiga taa, akapiga boneti, akairudia boneti, hana haraka, kama mtu anayepasua kuni. Jamaa zake ndio waliorudi mbio wakamshika mikono na kumvuta, na mmoja wao akamwambia Mwanamvita kwa mbali, "Pole, mama, ni uchungu." Kioo kingevunjwa na mtu mwingine kwa bahati mbaya, Mwanamvita angeelewa. Lakini huyu alikuwa amemtazama kwanza.

Na lililomchoma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na msiba. Mzee Zablon alikuwa mtu wake. Kila asubuhi alikuja kukaa barazani mwa duka, akanywa chai ya tangawizi, akawasifia wateja magodoro ambayo hajawahi kuyalalia. Alimwita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Siku aliyofariki, Mwanamvita aliamshwa na vilio alfajiri, akatoka bila viatu, na akaambiwa kwamba mzee amefia kando ya barabara, akingojea gari la kumpeleka hospitali Homa Bay. Kando ya barabara! Na gari lake yeye liko pale uani, tangi limejaa. Alipouliza kwa nini hakuamshwa, Pamela, mke wa Cephas, alimgeuzia mgongo. Alipeleka sukari na majani ya chai, vikapokelewa kama vinavyopokelewa vitu vya mpita njia.

Mumewe Noordin, ambaye alikuwa na duka lao jingine Migori mjini, alifika siku ya pili baada ya maziko. Alilizunguka gari polepole, akaokota kipande cha kioo, akakitupa.

"Haya si mambo ya matanga," alisema. "Wewe hukusikia redio? Huko kwetu Likoni watu wa bara, Wajaluo wakiwemo, wamefukuzwa, wamechomewa nyumba. Mwaka wenyewe ni wa uchaguzi. Ulidhani hasira hiyo itaishia kivukoni? Imetufikia."

"Cephas si mtu wa siasa."

"Rungu halikuuliza yeye ni mtu wa nini. Twende polisi, aandikishwe kosa lake. Tukitoka huko tufunge duka. Wewe na mwanetu Nasteha mtahamia Migori. Sitaki kuja kukuokota hapa kama nilivyookota hicho kioo."

Mwanamvita alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hakika kwamba Noordin amekosea, na hilo ndilo lililomtisha. Rodi ndiko alikozaa, ndiko alikojifunza kusalimia watu kwa lugha yao wakamcheka na kumfundisha upya. Kama Cephas amemchukia kwa sababu ya alikozaliwa, basi hapana pa kukaa tena, hata gari likikarabatiwa likawa jipya. Ila alitaka ayasikie hayo kwa mdomo wa mwenyewe.

"Nipe mpaka alasiri," alimwambia mumewe. "Nizungumze naye. Akinitukana, nitapanda gari lolote utakalonipandisha."

Noordin alikunja uso, lakini alimjua mkewe. Akaenda zake barazani kukaa.

Boma la marehemu lilikuwa limepungua watu. Masufuria makubwa ya kuazima yalikuwa yamepangwa juani yakisubiri wenyewe. Pamela alimwona akipita langoni, akaacha kufagia, hakumkaribisha wala hakumzuia. Cephas alikuwa kwenye kigoda karibu na kaburi la baba yake, ambalo udongo wake ulikuwa haujapoteza wekundu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpana wa mabega, lakini siku hiyo alionekana kama nguo iliyotundikwa msumarini. Alimwona, akasimama, akamwachia kigoda. Hata katika chuki yake, kama ilikuwa chuki, alikuwa na adabu za baba yake.

"Sikuja kudai gari," alisema Mwanamvita, akakaa. "Nimekuja kuuliza swali moja. Unataka tuhame?"

Cephas alimkazia macho kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua. "Kuhama? Nani amesema mhame?"

"Kwa sababu ya Likoni. Kwa sababu sisi si wa hapa."

"Mama Nasteha, mimi nimezika baba yangu. Hiyo mambo ya Likoni mimi nitapeleka wapi?"

"Basi ulinitazama vile kwa nini? Nimekukosea nini, Cephas?"

Alichutama, akachukua donge la udongo wa kaburi, akawa analivunjavunja vidoleni.

"Unakumbuka ile nguruwe?" Cephas akauliza.

Alikumbuka, na uso ukamwaka. Mwaka uliotangulia, Cephas alikuwa na dume la nguruwe la kupeleka sokoni. Mara nyingi Mwanamvita alikuwa amembebea magunia ya mahindi bila neno, kwa hiyo asubuhi ile Cephas alimpakia mnyama wake pikapuni, kafungwa miguu, bila hata kuuliza. Mwanamvita alitoka ndani, akaona, akapiga kelele barabara nzima ikasikia. Alimwambia aondoe uchafu wake, na kwamba gari lake halitaguswa tena na kitu chake chochote. Halafu mbele ya macho ya Cephas akaliosha, maji juu ya maji, na safari moja akalisugua kwa udongo, kama alivyofundishwa utotoni kuondoa najisi ya nguruwe. Watu walisimama kutazama gari linaoshwa kwa matope. Yeye alikuwa anatekeleza dini yake tu. Hakumweleza mtu, na baada ya wiki alikuwa amesahau.

"Nakumbuka," alisema.

"Mimi sikukasirika," alisema Cephas. "Nilijua tu hiyo gari iko na mambo yake. Ikiguswa na kitu chetu, lazima isuguliwe na udongo. Sawa. Nikaacha kuomba. Sasa baba akaanza kutapika damu. Si kidogo. Damu kwa shati, kwa blanketi, kwa mikono yangu. Nikakimbia kwako. Nilifika kwa mlango, Mama Nasteha. Mkono nilikuwa nimeinua hivi."

Aliuinua mkono mbele ya uso wake, na ukabaki hewani.

"Nikaangalia mkono, ni damu tupu. Nikakumbuka ile udongo. Nikasema, huyu mama ataona hii damu na hatakubali, na mimi nitakosana na yeye hapa mlangoni na baba anakufa. Wacha nikimbie. Nikatafuta wilbaro. Nikaweka baba ndani kama simiti, nikasukuma mpaka barabara. Hakuna gari ilisimama." Aliushusha mkono. "Siku ile tulikuwa tunafukuza mauti, wote wanafukuza mbele. Mimi nikaona ile gari. Nikaona ni hapo mauti ilikuwa imekaa siku zote, kando ya ua yetu. Nikapiga."

Mwanamvita aliuona mlango wake mwenyewe kwa nje, umefungwa, na yeye yuko ndani amelala usingizi mzuri. Alisikia aibu na huzuni kwa pamoja, na hakujua aanze kulia ipi.

Kisha Cephas akauliza. Hakumtazama alipouliza.

"Ningebisha, ungefungua?"

Pamela, ambaye alikuwa amesogea karibu na ufagio wake, alitikisa kichwa haraka kumwonya Mwanamvita. Kidogo tu, mume asione. Na Mwanamvita alielewa mara moja anachoombwa. Akisema hapana, mtu huyu atapata kupumua. Atakuwa amefanya yote yaliyowezekana, na ubaya utakuwa wa yule mwanamke wa Kwale na gari lake la kusuguliwa matope. Atachukiwa, ndiyo, lakini Cephas atalala. Akisema ndiyo, atakuwa ametangaza kwamba mzee alikufa kwa sababu ya mlango mmoja ambao mwanawe hakuubisha.

Alilitamani lile hapana. Lilikuwa limemfikia ulimini. Lakini mgongoni mwa Pamela palikuwa na mtoto mchanga amefungwa kwa leso, anakohoa kikohozi chembamba cha vumbi, na Mwanamvita akawaza: akimwambia hapana leo, huyu naye akizidiwa, ataletwa kwa nani?

"Ningefungua," alisema. "Ningetoka hivyo hivyo nilivyolala. Baba yako ningemkalisha mbele na kichwa chake ningekilaza hapa begani, na damu yake ingekauka kwenye nguo zangu, na nisingeona chochote. Damu ya mzee Zablon si nguruwe, Cephas. Alikuwa ananiita binti yake."

Cephas aliufunika uso kwa viganja vyenye udongo.

"Basi mimi ndiye nilimuua baba."

Pamela aliguta, akautupa ufagio. "Umefurahi sasa?" alimwambia Mwanamvita. "Umefurahi?"

"Sikufurahi," alijibu Mwanamvita. "Kaa, mama. Nanyi mnisikie wote wawili. Yeye alifika mlangoni kwangu. Mkono aliuinua. Aliyeushusha ni mimi, siku ile nilipopiga kelele barabarani na nisimweleze mtu dini yangu inasemaje. Nilimfundisha asibishe, akajifunza. Kama ni kubeba, tubebe pamoja, sitamwachia peke yake."

Alishuka kigodani, akakaa chini kwenye udongo, upande wa pili wa kaburi. Cephas alianza kulia. Ukoo mzima ulikuwa umelia kwa sauti kuu tangu siku ya kwanza, lakini huyu alikuwa bado; alikuwa amekimbia na ng'ombe, amechimba, amewalisha wageni. Sasa alilia kwa kwikwi nzito, mwili wote ukitikisika, akimwita baba yake kwa lugha yake. Hakuna aliyemnyamazisha. Pamela alisimama kidogo, kisha naye akakaa, mbali kidogo na Mwanamvita, akamhamishia mtoto kifuani.

Alasiri ilipoingia, Noordin alitokea langoni akizungusha funguo za duka kidoleni. Alimwona mtu aliyelivunja gari lao analia juu ya kaburi, akamwona na mkewe mavumbini, baibui limejaa udongo, naye analia. Alisogea, akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama gari alilolikodi la kwenda polisi lingoje au liende.

"Vua viatu ukae," alisema Mwanamvita. "Tumefiwa."