Matone Matatu ya Nyekundu

Mtaa mzima ulimwita Kipimo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Miaka kumi na tisa alichanganya rangi kwenye duka la kona bila mashine wala kadi ya sampuli. Umwoneshe ukuta leo, keshokutwa anakukorogea rangi ile ile kwa kichwa. Ndiyo maana wifi yake alipotinga dukani, mkono kiunoni, wateja walinyamaza ili wasipitwe.

"Wifi, mimi nilikuagiza nyeupe ya sebule. Umenipa waridi! Wageni wananiuliza nimefungua saluni lini."

Watu wakaangua kicheko. Kipimo naye akacheka kicheko cha juu juu, akaongozana naye hadi nyumbani kwake. Ni kweli. Ukuta ulikuwa kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na fulana nyekundu.

Kilichomkata maini si ule ukuta. Alikumbuka vizuri: wakati anakoroga, ile nyeupe aliiona ina ukijani, akaidondoshea nyekundu matone matatu ili kuisawazisha. Aliuona ukijani ule kwa macho yake. Na mama yake mzazi, kabla hajapofuka, alianza hivyo hivyo, kudanganywa na rangi.

Asubuhi iliyofuata aliaga dukani kwamba anakwenda kumwona mgonjwa. Hakusema mgonjwa ni nani. Tabibu wa macho alimmulika, akamsomesha herufi, kisha akavuta kiti.

"Mama, kabla ya hiyo nyeupe ulikuwa unachanganya nini?"

"Nyekundu ya mageti. Ndoo kumi na mbili, asubuhi nzima. Nilipomaliza tu nikashika ya wifi, maana yule ukimchelewesha utasemwa mpaka uzeeke."

Tabibu akacheka, akachukua kifuniko chekundu cha kopo. "Kikodolee macho, usihamishe, mpaka nihesabu sitini." Alipofika sitini akakificha. "Sasa tazama ukuta."

Duara la kijani likaelea kwenye ukuta mweupe. Kipimo akashika kiti kwa mikono miwili.

"Usiogope, hata mimi naliona nikifanya hivyo. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli za kupokea rangi. Zile za nyekundu ulizifanyisha kazi asubuhi nzima, zikapunguza ukali ili zisilemewe. Ukahamia kwenye nyeupe, za kijani bado zina nguvu zao, ndizo zikasikika zaidi. Ungezipa dakika chache, zote zingerudi sawa."

"Kwa hiyo si ugonjwa wa mama?"

"Sijauona. Retina yako ni nzima. Jicho lilikuwa linazoea, wewe ndiye ulikuwa na haraka."

Njiani jua lilikuwa kali. Alipoingia dukani alisimama mlangoni haoni kitu, kisha rafu zikajitokeza taratibu, na ndoo, na bosi wake anapiga miayo. Kila siku alipita mlango ule, wala hakuwahi kujiuliza ni nani humrudishia kuona kila atokapo juani.

Jumamosi alikwenda kwa wifi na ndoo ya nyeupe, na chupa ndogo ya nyekundu mfukoni. Nyumba ilikuwa imejaa, kila jirani kaja kuona Kipimo akiumbuka. Aliwapa kifuniko chekundu na shuka jeupe, wapokezane.

"Mama yangu! Kijani!" wifi yake akapiga kelele. "Jamani, na mimi ninacho!"

Kipimo akabeba kigoda, akakaa uani ameelekea ukuta wa saruji usiopakwa rangi, wa kijivu mtupu. Jirani mmoja akamfuata na umbea wake.

"Shoga, umesikia ya fundi bomba..."

"We! Usimsemeshe," wifi akaweka kiti katikati ya mlango, akakikalia. "Anapumzisha seli zake."

Dakika kumi zilipita. Kipimo akainuka, akafungua ndoo, akakoroga. Mkono wake wa kushoto, kwa mazoea, ulikuwa tayari umeshika ile chupa. Akainama, akatazama tena.

Nyeupe.

Akairudisha chupa mfukoni bila kuifungua, akamwita wifi alete brashi.