Ufunguo wa Kundi Zima

Ruta ya zahanati, kile kisanduku cha intaneti, niliikuta kabatini, imefunikwa tambara la kudekia lililokuwa bado linachuruzika maji. Pembeni kulikuwa na kikombe cha chai kilichoota ukungu. Nilikitoa kwa ncha za vidole. Kazi sijaanza, kinyaa tayari kimenishika.

Nilikuja kutengeneza VPN, ile njia ya siri ambayo majibu ya vipimo hupitia kutoka maabara ya ng'ambo ya mji. Mwenye ufunguo wake anaingia na kusoma kila kitu. Na ufunguo wenyewe, mhudumu wa mapokezi aliniambia bila haya, ulikuwa kwenye kundi la wasapu la wafanyakazi, katikati ya maua ya asubuhi njema.

"Na walioacha kazi?"

"Wamo. Unamtoaje mtu kwenye kundi, dada? Ataona tumemchukia."

Nikaomba nione waliomo. Mmoja alikuwa Mama Mahesabu, mhasibu aliyestaafu, shangazi wa mchumba wa mdogo wangu. Majibu ya damu ya mdogo wangu yalikuwa yanaingia mchana ule. Alitaka ayajue yeye kwanza, kisha amwambie mchumba wake kwa kinywa chake mwenyewe. Na shangazi huyo hana kifua, neno halilali kwake.

Nikafuta ufunguo wa zamani. Nikatengeneza mpya, mrefu, usiokaririka, na wote waliokuwa wameunganishwa wakakatika. Nikamwekea mkurugenzi wa zahanati kwenye simu yake kwa mkono wangu.

"Huu ni wako na wa mkuu wa maabara tu. Usimpe mtu."

"Mwanangu, mimi si mtoto," akasema, huku akichokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake cha kazi.

Nilikuwa nanawa mikono kwa mara ya pili simu ya mapokezi ilipolia. Ikafuata ya muuguzi, kisha ya mlinzi getini. Nikachungulia ya mapokezi. Mkurugenzi alikuwa ameandika kundini:

"Wapendwa, fundi ametuwekea ufunguo mpya. Huu hapa. Tusisumbuane."

Chini yake makofi matupu. Nilimtazama mtu mzima yule anavyotabasamu, nikatamani kumtapikia viatu.

"Mkurugenzi, nimekuambia nini sasa hivi?"

"Sasa watu wafanyeje kazi? Hapa sisi ni familia, mwanangu."

Nikakimbilia kabatini, nikachomoa waya wa umeme. Tambara likaniangukia miguuni, maji machafu yakaingia kiatuni. Taa za ruta zikazima. Niliporudi, mhudumu wa mapokezi alininyooshea simu yake. Mama Mahesabu alikuwa ameshajibu.

"Asante mkurugenzi, nimeingia vizuri. Ama kweli, makubwa! Poleni na kazi."

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, soksi imelowa, sina hata hamu ya kugombana. Simu yangu ikaita. Alikuwa mdogo wangu.

"Dada, kwani majibu yangu yana nini? Mchumba wangu kanipigia, analia tu."