Ukurasa wa Kwanza

Kivuva alikuwa mpiga picha wa magazeti, ila magazeti yenyewe hayakuwa na habari hiyo sana. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipeleka Nairobi picha za malori yaliyopinduka karibu na Kiboko, za wakubwa wakikata utepe Kathonzweni, hata za fisi aliyeingia darasani. Picha zilitoka. Chini yake waliandika: "Na Mpiga Picha Wetu." Mkewe Nthenya alizoea kumwuliza huyo Mpiga Picha Wetu anaishi wapi, maana anakula jasho la watu. Kivuva hakucheka. Alichotaka hapa duniani ni kuona jina lake, herufi zote sita, kwenye ukurasa wa kwanza.

Basi ukame wa mwaka wa themanini na nne ulipobisha hodi, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Mhariri alimwambia kwa simu, "Niletee njaa. Njaa inayoonekana. Ukiipata, jina lako nitaliweka mimi mwenyewe." Kivuva alimalizia senti zake kwenye filamu mbili, akadandia lori la Muktar, mfanyabiashara wa mbuzi, hadi Kyuso, huko Kitui.

Kosa lake lilikuwa kutuma salamu mbele. Mzee wa kanisa, Ndululu, alitangaza ibadani kwamba mpiga picha anakuja, na kwa watu wale picha haikuwa mchezo. Picha ni kitu cha kutundikwa ukutani, wakwe wakaiona. Kivuva alipofika alikuta mstari mrefu wa watu waliooga kwa maji ya kuchotwa mwendo wa saa tatu, wamejipaka mafuta wanang'aa. Njaa ilikuwepo, tena kali, lakini ilikuwa imevaa nguo za Jumapili.

"Mwaitu, mama yangu," alimbembeleza Mbinya, mama mzee aliyesimama mbele, "huna ile nguo ya kila siku?"

"Kwani umekuja kuniaibisha? Nitokee kwa gazeti nikikaa mwendawazimu? Kijana wangu ako Mombasa, ataniona aje? Piga picha, wewe!"

Akapiga. Wanaume nao walikuwa na shida yao: koti lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Kivuva. Ndululu akaliomba. Mwingine akaomba shati, mwingine viatu. Kukataa hakungewezekana, maana siku zote mpiga picha ndiye mwenye koti la kuazima wateja. Kufikia saa sita Kivuva alikuwa amebaki na fulana yenye matundu, miguu mitupu, vumbi hadi kwenye kope. Kisha filamu ikakwama. Akachuchumaa kando ya ukuta, akajifunika blanketi la Mbinya ili aitoe humo gizani, isiungue kwa mwanga.

Alipochomoza kichwa, jasho likimtiririka, Land Rover ilikuwa imesimama. Mzungu mwenye kamera tatu shingoni aliutazama ule mstari nadhifu, asione cha kupiga. Halafu akamwona Kivuva. Alimpiga picha sita bila neno, akamwachia pakiti ya biskuti, akaondoka. Kivuva aliwaka kwa hasira. Hata salamu, na ni mtu wa kazi moja! Biskuti, hata hivyo, alizitafuna zote.

Picha zake mhariri alizikataa. "Nilikutuma njaa, umeniletea harusi."

Wiki mbili baadaye Muktar alimletea gazeti nyumbani. Ukurasa wa kwanza, Kivuva mzima: blanketi, fulana, macho ya mtu aliyekata tamaa. Chini yake, "Mhanga wa njaa asiyejulikana, Kitui." Jina la Mzungu lilikuwa pembeni, herufi nene.

Baada ya picha hiyo, malori ya msaada wa mahindi ya manjano yalianza kumiminika Kyuso. Kivuva naye akaenda, na barua ya kumpelekea mhariri mkononi. Alitaka Mbinya aweke kidole gumba kuthibitisha kwamba aliye pichani si mhanga wa njaa, ni mwanahabari.

Mbinya aliisikiliza barua yote huku akikoroga sufuria. "Siku ile, kabla ya biskuti za yule mtu, ulikuwa umekula lini?"

Kivuva alifikiria. Chai kavu, juzi yake.

"Sisi tulijua kuficha, mwanangu. Wewe ukasahau." Akampakulia sahani ya isyo, mahindi na maharagwe, ikifuka moshi. "Kula. Haya mahindi yamekuja kwa ajili yako."

Kivuva alikula huku machozi yakimtoka, akamaliza, akaomba aongezewe.