Njia Fupi ya Bondeni

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mwaka ule wa 2002 mimi nilikonda, na aliyenikondesha ni Orlane, rafiki yangu wa idara ya hisabati. Nafasi ya kwenda Ubelgiji kusomea udaktari wa hisabati ilikuwa moja. Sisi tulikuwa wawili.

Utafiti wetu ulihusu kompyuta za kwantamu, mashine ambazo hata huko Ulaya zilikuwa bado changa, seuze kwetu ambako umeme ulikatika kabla chai haijachemka. Tuliziigiza kwa kompyuta ya kawaida, moja kwa idara nzima, kwa zamu. Wazo lenyewe si gumu: unazipa njia zote nafasi kwa pamoja, kila moja na gharama yake, kisha unauacha mfumo utulie polepole, kama maji yanavyotafuta bonde, hadi ibaki njia yenye gharama ndogo kuliko zote. Profesa Adrien alitupa swali moja: gari la unga litoke Asiatique, lifike Kanyosha, Cibitoke na mitaa mingine, kisha lirudi. Lipite wapi?

Mimi nilipima ramani kwa rula, mtaa kwa mtaa. Njia yangu ikatoka fupi, safi. Ya Orlane ilizunguka kama mlevi. Nilipoiona nilifurahi, sina haja ya kuficha. Yule kipenzi cha kila mtu, anayesukwa nywele kila Jumamosi hata risasi zikilia milimani, leo atapatikana!

Siku ya kuwasilisha kazi, Profesa alizitazama karatasi zote mbili. Akaanza na mimi.

"Epiphanie, gari yako inapita mule mu bonde, inatokea Cibitoke?"

"Ndiyo, Profesa. Ni njia fupi kupita zote."

"Na we unakaa Cibitoke. Ukirudi kwenu, unapitaka mule?"

Tangu vita vianze, si wote walioshuka bondeni waliorudi. Katika mji wetu mambo hayo hayakusemwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake asipite bondeni. Kila mtu alipinda tu kona yake, akasalimia, akaendelea. Nami niliamini kwamba kinachonyamaziwa barabarani hakina nafasi kwenye hesabu.

"Apana," nikasema. "Napitaka ku barabara kubwa."

Orlane alikuwa ameipa njia ile ya bondeni gharama kubwa kuliko zote. Hakuandika sababu. Aliandika namba tu, na chumba kizima kikaielewa. Nafasi akapewa yeye.

Namba! Hata mimi ningeweza kuiandika. Hakunishinda kwa akili. Alinishinda kwa jambo ambalo miguu yangu ilikuwa ikilijua tangu niko sekondari, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipotoka alikuwa ananisubiri getini.

"Twende, dada, nikusindikize. Usinikasirikie."

"Mi sikasirike," nikadanganya.

Tukafika njia panda. Kushoto kijia cha bondeni kilishuka, kifupi, kitupu, majani yamekimeza. Kwa jinsi nilivyomchukia saa ile, nilitamani kukifuata, ili mradi nisitembee kwenye jibu lake. Nikasimama. Orlane naye akasimama, akinitazama.

Nikapinda kulia, kwenye barabara kubwa, kama siku zote. Yeye akanifuata. Mwendo ulikuwa mrefu, na kila hatua niliyopiga ilikuwa inampa yeye Ubelgiji.