Msuko wa Kushoto

Mjukuu wangu Nazario alikuwa na misuko miwili, mmoja kila upande, minene kama mikia ya ndama. Mkasi haukuwahi kugusa kichwa chake tangu atoke tumboni. Basi tulipofika hospitali ya masista kule mjini Sucre, kila mtu alimwita binti.

"Karibu, mrembo," nesi akamwambia. "Unaitwa nani, mama?"

"Mimi mwanaume," Nazario akasema.

Alikuwa na miaka mitano, na yeyote aliyemwita binti alimjibu hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Nesi huyo, jina lake Remedios, alidhani mtoto anafanya mzaha. Akamvua suruali ili ampime, akachungulia, akanigeukia.

"Bibi, kumbe kweli!"

"Mimi ndiye niliyemwosha siku aliyozaliwa," nikamwambia. "Ningekuwa nimeshagundua."

Kwetu milimani hakuna anayekosea hapo. Mtoto wa kiume mwenye nywele ndefu ni mtoto ambaye nywele alizozaliwa nazo hazijakatwa, basi. Na siku ya kuzikata siyo kazi ya kinyozi. Ndiyo siku mtoto anapopata baba wa nywele. Atakayekata wa kwanza ndiye atakayemvisha viatu vya shule, ndiye atakayekwenda kumposea mchumba, ndiye atakayemkaripia akilewa. Anampa kondoo jike wa kuanzia maisha, na tangu siku hiyo yeye ni mtu wa nyumba.

Nazario alimhitaji mtu huyo kuliko watoto wengine. Baba yake alifunikwa na mgodi kabla hajayaona meno ya mwanawe. Mama yake, binti yangu Zenobia, yuko Argentina anavuna zabibu za watu. Nimebaki mimi, na mimi ni kikongwe. Kila mvua ikianza nashukuru, ikiisha nashukuru tena. Kwa hiyo nilikuwa nimeshachagua mapema. Nilimchagua Eleuterio, jirani yetu, mchunga kondoo aliyefiwa na mke, mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa zaidi ya maneno. Tulikuwa tunamngoja Zenobia tu, ili sherehe iwe na mama.

Lakini ugonjwa haungoji sherehe. Nazario alianza kwenda kombo. Ukimwita aje mbele yako, anaishia kushoto, ukutani. Asubuhi anatapika kabla hajala kitu. Wenzake wakamwita mlevi, na mwanzoni hata sisi wakubwa tulicheka. Halafu tukaacha kucheka.

Masista walimpiga picha ya kichwa, wakaniambia kuna uvimbe nyuma ya sikio la kushoto, una maji ndani, na unakua. Kila mwaka madaktari wa kujitolea huja kwao kwa wiki moja, wakawapasua watoto wa watu kama sisi bila kudai chochote, kisha wakarudi makwao. Nazario akapangiwa Ijumaa, siku yao ya mwisho. Nami nikampelekea Eleuterio habari kwamba aje na mkasi, tumkate mtoto nywele kwa heshima kabla hajaingia huko ndani. Akajibu neno fupi: "Nakuja na kondoo."

Ijumaa ikafika, Eleuterio hakufika. Wachimba madini walikuwa wamegoma, wakafunga barabara kwa mawe na matairi ya moto. Hata kuku hapiti.

Remedios akaingia wodini na mashine ya kunyolea.

"Haya bibi, zamu yetu. Namnyoa sasa hivi."

Nikaweka mkono juu ya kichwa cha Nazario. "Ngoja kidogo, mwanangu. Baba yake yuko njiani."

"Si ulisema baba yake alifariki?"

"Huyo ni mwingine."

Mwanamke wa kitanda cha jirani, mama wa kitoto chenye ugonjwa wa moyo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani bibi! Na uzee wote huo una siri!"

"Nyamaza wewe, utamwamsha mtoto wako," nikamwambia, lakini nami nilicheka.

Remedios hakucheka. Alikulia mjini, lakini mama yake ni wa milimani kama sisi; akaelewa, akaenda kumwita daktari.

Daktari Dorys alikuwa mwanamke mnene wa Santa Cruz, huko chini kwenye joto na ng'ombe, na alikuwa anameza nusu ya maneno yake kama watu wote wa huko. Sisi wa juu na wao wa chini tunataniana tangu enzi za mababu. Wao husema tunanuka moshi wa kinyesi cha lama, mnyama wetu wa mizigo na sufu. Sisi husema wao huamka ili wale, wakala ili walale. Huyu alichuchumaa mbele yangu, magoti yakalia, akanishika mkono.

"Mama yangu, unaogopa?"

"Kuogopa naogopa. Lakini siyo hilo." Nikamweleza habari ya nywele.

"Nywele zitaota tena, mama."

"Nywele zitaota. Baba wa nywele haoti. Akinyolewa na mashine leo, Eleuterio hatakuwa amekata chochote, na mtoto huyu atabaki na mimi tu. Na mimi nitambakia mpaka lini?"

Akaushika mkono wangu kwa mikono miwili. Kisha akasema taratibu, na safari hii hakumeza neno hata moja: "Kesho tunaondoka. Nikimwacha leo, mpaka mwakani. Na huyu, mama, mwakani..."

Hakumaliza. Alimtazama Nazario, ambaye alikuwa anajaribu kushika kijiko mezani, na mkono ukawa unapita pembeni ya kijiko, kushoto, kila mara.

Mimi si mtu wa haraka. Blanketi likikosea uzi mmoja nalifumua hadi hapo na kuanza upya, hata kama wengine wameshalala kwenye ya kwao. Lakini wakati ule niliwaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza.

"Daktari, una watoto?"

"Wawili. Wakubwa. Hawanisikii."

"Una mume?"

"Nilikuwa naye. Sasa yuko na mwenzangu."

Mama wa kitanda cha jirani akaguna, "Wote wale wale."

"Basi nisikilize," nikasema. "Sitaki mgeni amkate mwanangu nywele."

"Mama, tafadhali..."

"Kwa hiyo acha kuwa mgeni."

Remedios ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akaweka ile mashine kitandani. "Daktari, usiseme ndiyo upesi. Hii siyo ya kupiga picha ukaondoka. Ukikata, umekata. Huyu atakupigia simu umelala. Atakuja kukaa kwako na viroboto wake. Siku ya harusi yake wewe ndiye unafungua dansi."

"Kucheza najua," akasema Daktari Dorys. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Akanisogelea, akaninong'oneza: "Na mkono wangu ukishindwa huko ndani, mama? Itakuwaje?"

Hilo nalo nilikuwa nimeliwaza.

"Utalia pamoja nasi, kama ndugu," nikamwambia. "Mgeni angepanda ndege tu."

Kisha akajifuta macho kwa bega, akasimama, akapiga kofi moja.

"Lete mkasi!"

"Unahitaji upande gani?" nikamuuliza.

"Kushoto tu. Nyuma ya sikio."

"Basi wa kulia mtu asiuguse. Huo wa Eleuterio."

"Eleuterio ndiye nani?"

"Baba wa nywele. Wewe sasa ni mama wa nywele."

"Mamaa!" akapiga kelele yule wa jirani. "Daktari kaolewa na hana habari!"

"Ana meno huyo mtu?" Daktari akauliza.

"Machache," nikasema, "ila anayatunza."

Wodi nzima ikawa kama soko. Mama mmoja alifungua boksi la chokoleti, akatoa utepe mwekundu, tukaufunga kwenye msuko wa kushoto. Kwetu mtoto humwagiwa karatasi nyeupe zilizokatwa ndogo ndogo kichwani. Hapo hapakuwa na karatasi, tukachambua pamba ya hospitali, na Remedios akajifanya haoni.

"Sasa utaje mnyama wako," nikamwambia Daktari.

"Mnyama?"

"Wa kumwanzishia mtoto maisha. Hukati mikono mitupu."

"Kwetu ni ng'ombe tu, mama. Haya, nampa ndama!"

Vicheko vikapasuka. Ndama wa nchi ya joto apande kwetu? Angeganda kabla hajamaliza kona ya kwanza!

"Bibi anajua kufuma," akasema Remedios. "Atamfumia sweta."

Nazario, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kimya kama mfalme chini ya theluji ya pamba, akainua uso. "Sweta la miguu minne?"

"La miguu minne, bwana mkubwa," Daktari akamwambia, na akakata.

Msuko ukaniangukia mapajani. Pale palipobaki Remedios akapanyoa kwa mashine, akampangusa pamba zote, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Aliingia huko ndani bado anamuuliza Daktari kuhusu vifungo vya hilo sweta.

Mlango ukafungwa, na kicheko chote kikabaki upande wa huko. Mimi nilikaa nje na ule msuko mikononi. Mama wa jirani akaniletea supu ya karanga, nikaishika mpaka ikapoa. Hakunitania. Akakaa tu karibu yangu, bega kwa bega.

Ndipo nikasikia kelele uani. Sista mlinda mlango alikuwa anafokea mtu, na mtu anamfokea yeye, na katikati kuna sauti ya kondoo. Nikatoka. Eleuterio alikuwa ameshika baiskeli, tope mpaka masikioni, na mgongoni amebeba kondoo jike aliyefungwa ndani ya blanketi la kubebea, amevishwa kofia ya kike ya kwetu, ile ya duara.

"Yesu na Maria, Eleuterio, hiyo nini?"

"Wanaruhusu wagonjwa tu kwenye mawe yao," akasema huku anahema. "Nikawaambia ni mama mkwe, nampeleka hospitali. Ilikuwa usiku; mmoja akammulika tochi usoni, akasema, pole sana mzee, kweli hali yake mbaya. Wakanisukumia baiskeli mpaka upande wa pili." Akamshusha kondoo. "Yuko wapi mwanangu?"

Nikamwonyesha msuko wenye utepe.

Akauangalia. Kisha akakaa chini pale pale, kwenye mawe ya ua. "Mmemkata bila mimi."

"Nusu."

"Nusu vipi?"

"Wa kulia ni wako. Haujaguswa."

"Na huu alikata nani?"

"Daktari aliye naye huko ndani sasa hivi. Ndiye mwenzio."

Eleuterio alifikiri. Mwishowe akavua kofia, akaishika kifuani, akautazama ule mlango uliofungwa.

"Basi mwenzangu ashike vizuri," akasema.

Naye Daktari akashika vizuri. Alitoka kofia mkononi, jasho limemlowesha, akasema, "Uvimbe umetoka wote, mama. Wote." Eleuterio ndiye aliyemkumbatia, tope na yote, mpaka nguo yake ya kijani ikawa ya kahawia. "Hujambo, mwenzangu," akamwambia. Daktari akamtazama mdomoni, akanigeukia: "Kweli anayatunza."

Nazario alipoamka alipapasa kichwa. Kushoto bandeji. Kulia msuko. Akakunja uso.

"Bibi, mimi sasa nusu binti?"

Nililia hapo. Sikulia kabla ya hapo.

Wenzake Daktari walipanda ndege kesho yake, yeye akabaki. Aliwaambia ana jambo la kifamilia. Alibaki mpaka siku mtoto aliporuhusiwa kusimama, na siku hiyo tukatoka wote uani. Yeye akasimama upande mmoja akiwa amemshika Nazario mabegani. Eleuterio akasimama upande wa pili na mkasi, amenyoa ndevu, sijui kwa nini. Kushoto kulikuwa na ukuta wa masista wenye maua mekundu, na mimi nilikuwa nautazama ukuta ule kama adui.

"Nenda kwa baba yako wa nywele," Daktari akamwambia, akamwachia.

Akaenda. Miguu ameitanua kama baharia, polepole. Mguu wa kushoto ukaning'inia hewani kidogo, nikashika mkono wa mama wa jirani, naye akaufinya. Ukatua mbele. Ukafuata wa kulia. Katikati ya ua akasimama, akayumba, kisha akautazama ukuta, akautazama vizuri, akaupita. Alimfikia Eleuterio moja kwa moja kama aliyevutwa kwa kamba, akainamisha kichwa.

Eleuterio akaukata msuko wake mshazari. Tukamwaga pamba, tukapiga kelele, na katika kelele hizo mtu akaiachia kamba ya kondoo. Kondoo ndiye aliyekwenda kushoto, akaanza kula maua ya masista.

Remedios akamkimbilia, akampiga kwa shuka, akarudi anahema. Akainama mbele ya Nazario, akampitishia mkono kwenye kichwa kisicho na msuko.

"Haya sasa, mwanaume," akamwambia.

Nazario akamtazama kwa huruma.

"Nilikwambia," akasema.