Namba Sita za Bi Futi

Kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima, jioni ile, niliandika "fishing: uvuvi", nikapiga mstari kwa rula. Mwalimu alipopita akaangalia daftari langu, akacheka polepole. "Mama, hapa samaki ni wewe." Akanionyesha kwamba neno lenyewe linaanza na p na h, phishing: tapeli anakutupia ujumbe kama chambo, ukiuma tu, amekunasa. Tukaandika na mengine. Password. Verify. Share. Personal information, mwalimu alisema ni habari za mtu zisizotolewa ovyo, lakini sikuipatia Kiswahili cha kuniridhisha, nikaacha nafasi wazi.

Asubuhi yake nilifika kazini na mwanangu mgongoni. Nashona kwa shangazi, dada yake baba, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Nilimlaza mtoto kwenye kapu la vipande vya vitambaa, nikakaa kwenye cherehani.

"Kuna bwana ananisumbua tangu kulipokucha," shangazi akasema, huku akibana pindo la gauni. "Eti wa kampuni ya simu. Anataka nimsomee namba sita nilizotumiwa."

Mguu wangu ukaganda kwenye pedeli. Simu ya shangazi ndiyo duka lenyewe: miaka minane ya picha za wateja, majina yao, wanakoishi. Huyo bwana akiingia humo kwa namba hizo, atawaandikia wote akijifanya Bi Futi, awaombe pesa, nao watamwamini.

"Shangazi, umempa?"

Alikuwa ameshaweka pini tatu mdomoni. "Mmh."

"Mmh ya ndiyo au ya hapana?"

Akainua kidole: subiri. Akachomeka ya kwanza. Akarudi nyuma hatua moja kulitazama pindo, akachomeka ya pili. Ya tatu akaitoa mdomoni taratibu, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nimpe vipimo vya mteja? Kwani nimerukwa na akili?"

"Vipimo gani?"

Akavuta daftari lake. Juu kabisa ya ukurasa wa siku hiyo, kwa mwandiko wake wa kulala, alikuwa ameandika: Hajataja jina. Kifua 36, kiuno 28, nyonga 40.

"Ujumbe ulikuja kwa Kiingereza, sikuuelewa. Ila namba nilizielewa. Mtoto wa watu ana umbo, usiseme. Na mimi tangu nishike mkasi, sijawahi kumtajia mwanamume kiuno cha mtu."

Nikaomba simu. Nilisoma kidole kikifuata neno kwa neno, kama nilivyofanya darasani. Your verification code is 362840. Do not share it with anyone. Share ile ile ya jana, imenijia hadi kazini.

"Inasema namba hii usimpe mtu yeyote, shangazi."

"Mpaka niambiwe?"

Nguvu zikaniisha kwa kicheko, nikakaa chini kando ya kapu. Mtoto akaamka, akacheka nasi bila kujua tunacheka nini. Nilimbusu kisogo mara mbili. Kisha tukaiwekea simu neno la siri la pili. Nilimwonyesha shangazi pa kubonyeza. Ilipofika zamu ya kuliandika akanipa mgongo.

"Hata wewe," akasema.

"Hata mimi, shangazi. Ndivyo inavyotakiwa."

Nikatoa daftari langu la darasani. Kwenye ile nafasi niliyoiacha wazi nikaandika: vipimo vya mtu.

Simu ikaita. Shangazi akaipokea kwa spika.

"Mama yangu, zile namba sita bado nazisubiri."

"Mwanangu, hapa vipimo vya mtu havitoki. Ukitaka namba, njoo nikupime wewe."

Akakata. Akalivuta daftari, akamtazama yule mteja wake asiye na jina, akamfuta kwa mstari mmoja.

"Na kitambaa nilishamchagulia," akasema, akarudi kwenye pindo.