Ufa wa Hondohondo

Kipindi cha wanyama kwenye redio ya saluni ndicho kilichomtia msusi wazimu wa ndege. Mwaka mzima aliota kumwona hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, akilisha kinda lake, mpaka wateja wakamtania kwamba siku moja atawasuka manyoya. Leo alikuwa ndani ya hifadhi na shangazi yake, mbele ya mti mnene kuliko chumba anachopanga. Juu kwenye shina palikuwa na shimo lililozibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu.

"Mama yumo humo na kinda lake," mlinzi wa msitu aliyewaongoza alinong'ona. "Kajifungia mwenyewe. Baba ndiye anayewalisha kupitia ule ufa."

"Na huyo baba anarudi kweli?" shangazi akadakia kwa sauti ya sokoni. "Mume wangu alitoka kununua chumvi, mpaka leo!"

"Taratibu, mama. Kibanda chetu cha kujificha kimeangushwa na mvua. Akituona hapa peupe, hasogei."

Ncha ya mdomo ikachungulia ufani, ikarudi ndani. Msusi alisisimka mwili mzima. Kiumbe hai, ndani ya mti, gizani, kikimtegemea mwenzake tu! Alitamani kupiga magoti.

Baba akaja. Alitua kwenye mti wa mbali, mweusi, mkubwa, koo limevimba kwa matunda. Akawatazama. Akahama tawi, akawatazama tena. Ndani ya shina kinda likaanza kulia, na kilio kikazidi.

Msusi hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Tuondoke," alisema.

"Tuondoke wapi?" shangazi akang'aka. "Mwaka mzima umenitoboa masikio na huyu ndege, amefika ndiyo unaondoka? Utakuja tena lini, wewe?"

"Sijui, shangazi. Lakini kinda lina njaa."

Mlinzi alimtazama, kisha akatangulia kuondoka. Walipofika kwenye vichaka, hewa ilivuma juu ya vichwa vyao, mabawa yakikata upepo kwa mlio mzito kama wa mkeka unaokung'utwa, msitu mzima ukaonekana kupumua nao. Shangazi akamshika msusi mkono kwa nguvu.

Msusi hakugeuka. Alisimama, masikio yote nyuma, mpaka kilio cha kinda kikakatika ghafla, kama cha kinywa kilichojazwa matunda.